Mwaka Karai Lilipolala Kifudifudi

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri na simu zenu mziweke chini, maana mimi jambo silisemi mara mbili. Sikusoma sana, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia nikiwa nakaanga samaki, na nitasema mwaka mmoja tu, ule uliotangulia zile mvua za Elinino zilizokata barabara. Mambo ya ukoo wangu, nani alimzaa nani na nani alitoka Pangani, waulizeni wengine. Hayo hayamfundishi mtu kuoga.

Kilichonichokoza ni arobaini ya mtoto wa Zaina, juzi hapa nyumbani Dunda. Zaina ni binti wa wifi yangu Salma, mke wa kaka yangu Idi, na hao siku hizi wanakaa Zinga kwenye shamba lao. Salma na mimi tulikuwa hatujaonana muda mrefu, yeye goti, mimi mgongo. Akaingia na kikapu cha mihogo kichwani kama msichana. "Shikamoo wifi. Mbona umezeeka hivyo?" Nikamwambia, "Marahaba. Na wewe mbona hujazeeka, umeficha nini tena?" Akacheka mpaka kikapu kikayumba. Mtoto alinyolewa ukumbini juu ya mkeka, amelazwa mapajani mwa nyanya yake, Salma, na nywele zikikusanywa kwenye kisahani zisimwagike hata moja, zikapimwe kwa ajili ya sadaka kisha zifukiwe. Ndipo mjukuu wangu Nasra, mwenye kazi yake Dar na kucha zake ndefu, akasogea na kimfuko cha nailoni.

"Bibi, naomba kidogo tu. Kuna sehemu mjini wanapima nywele. Wanakutolea madini yote ya mwilini, zinki, chuma, risasi, zebaki, kila kitu. Mimi nimeshapima."

"Ukakutwa na nini?"

"Nimepungukiwa karibu madini yote, na zebaki iko juu. Wamenipa unga wa kunywa na maziwa."

"Unga anauza nani?"

"Wao wenyewe, Bibi. Si ndio wataalamu?"

Salma alinitazama, nami nikamtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, mapaja yakatikisika, na mwenye wembe akapiga ukelele, "Mama, tulia, nitamkata mtoto!" Ilibidi mtoto achukuliwe na mtu mwingine. Nasra akanuna. "Mnaicheka sayansi." Nikamwambia hatuicheki sayansi, tunaicheka zebaki, sisi na zebaki tunafahamiana tangu wewe hujazaliwa. Akataka kujua tumefahamiana vipi, na mimi sikumjibu pale, maana nyumba ilikuwa imejaa wageni na pilau ilikuwa inataka kuungua. Ninamjibu hapa.

Mwaka ule nilikuwa kijana, nimerudi kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika, na nilichokuwa nacho duniani ni karai. Karai pana la chuma, limebonyea upande mmoja, nikilitia mafuta asubuhi baada ya mnada wa samaki, kwenye kibanda changu pale pwani. Nilikaanga samaki, changu, tasi na vibua, na vipande vya nguru kwa wenye uwezo. Watu walikuja na sahani kutoka majumbani, wengine wakila wamesimama, wanalamba vidole na kusifu ndimu na pilipili yangu. Leo ukiniuliza heshima ni nini, sitakutajia cheo cha mtu. Nitakuambia ni kuingia nyumbani kwa mama yako mchana ukiwa na mafuta ya taa na sukari ulivyonunua kwa mkono wako, na hakuna anayekuuliza utaolewa lini tena. Karai ndilo lililonipa hiyo. Likilala, mimi narudi kuwa mtu wa kutiliwa chumvi kiganjani, asiye na chake. Liwekeni hilo akilini.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mawe, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko la makuti na kisima. Chumba cha kwanza kulia alipewa Salma alipoolewa na Idi, mwaka huohuo. Alitoka Fukayosi, kwa watu wa kulima, lakini siku alipotolewa nje na kufunuliwa ushungi wake wanawake wote walisema "Ah!" Alikuwa mweupe wa kung'aa. Mama yangu, Bi Shemsa, akapata la kusema mwaka mzima. Mgeni akikaa barazani, hata hajapewa maji, anaambiwa: "Umemwona mkwe wangu? Rangi yake maziwa yaliyodondoshewa chai. Na ni rangi yake, si ya kujichubua hii." Mama alikuwa na ulimi wa moto kwa wanawake waliojichubua. Akiwaona sokoni, uso wa rangi moja na vidole vya rangi nyingine, husema kwa sauti, "Yule kichwa kaazima."

Na mimi nilijua. Niliingia chumbani kwa Salma kumsaidia kutandika, chumba kinanuka udi na waridi, sanduku la bati ukutani, kioo juu yake, na ndani ya bakuli lenye kifuniko sabuni imefungwa kwenye kipande cha kanga. Niliinua sanduku likafunguka, nikaona nyingine mbili na makaratasi yake, picha ya uso wa mwanamke mweupe kama unga. Salma alinipokonya. "Wifi, nakuomba. Nilianza kabla ya harusi. Niliambiwa watu wa mjini hawamtaki mweusi wa shamba. Sasa nikiacha nitarudi rangi yangu, na mama amekwisha kumtangazia kila mtu." Nikamwambia siri yako ni yako, mimi si mpiga mbiu. Nikafunga sanduku. Sikujua zaidi ya hapo. Nilijua inang'arisha, sikujua inang'arisha kwa nini.

Jambo jingine la nyumba ile lilikuwa maini. Kila Ijumaa Idi, ambaye alikuwa fundi baiskeli na si mtu wa maneno, alikuja na maini yamefungwa kwenye gazeti, akayaweka jikoni na kusema, "Ya Salma." Basi, anaondoka. Mama aliumia. "Mimi nimemzaa na kumnyonyesha, sijaletewa hata figo. Huyu maini, maini, kama simba." Jirani zetu wanawake waliwasema waume zao kwa ajili ya maini yale. Ilihesabiwa kuwa ni mahaba makubwa kuliko yote ya Dunda.

Ndipo akaja Dokta Rehema. Alikuwa binti mwembamba kutoka Dar, sauti ndogo lakini haimwogopi mtu, ameletwa na mjumbe wa mtaa. Alieleza kwamba wachimbaji wa dhahabu huko bara hutumia zebaki kukamatia dhahabu, zebaki inaingia majini, kuna samaki wanaoibeba, na wao wanataka kujua watu wa pwani wanaokula samaki kila siku wanayo kiasi gani mwilini. Unywele unapoota, akasema, hubeba kidogo ya kile kilichomo kwenye damu. Kwa hiyo anaomba nywele.

"Nywele zipi?" mama akauliza.

"Za kisogoni, mama. Unene wa njiti ya kiberiti."

"Binti yangu, sisi nywele zetu tukizichana tunazifukia. Hatumwachii hata shangazi. Wewe unataka uzitie kwenye basi uende nazo Dar?"

Dokta Rehema hakubishana. Alivua kitambaa chake, akakaa kwenye mbuzi ya nazi iliyokuwa wazi pale uani, akampa mama mkasi. "Anza na mimi. Kata unavyotaka. Zangu zikae kwako rehani mpaka nikurudishie zitakazobaki za kwenu." Mama alizishika zile nywele, akazifunga kwenye pembe ya kanga yake, akazitia kifundo. Toka hapo akampenda. Alisema mtu aliyekuachia nywele zake hawezi kukufanyia ubaya. Wakakubaliana aje kesho, wanawake wa uani na majirani wote wawepo, na wanaume wawili watatu.

Hapa ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa adabu. Mgeni anakuja kuchukua kitu chako, utampaje kichafu? Jioni ile kila mwanamke alifumua nywele zake, na maji yakachotwa, na wote wakakumbuka kuwa bi harusi ana sabuni ya harufu ya waridi. "Salma, mwanangu, tukopeshe ile ya harusi." Salma angekataa kwa sababu gani? Angesema nini? Akaitoa imevuliwa karatasi, ikapita mkono kwa mkono, kichwa kwa kichwa, povu mpaka kwenye ngazi ya kisima. Mama aliosha mara mbili. Na mimi niliosha. Tukanukia wote kama chumba cha harusi, na siku hiyo haikuwa ya kwanza. Walikuwa wakimwomba mara kwa mara naye akiwapa, ila jioni ile tuliimaliza nusu. Wanaume hawakuosha kitu. Idi alikatwa nywele zikiwa na grisi ya baiskeli.

Miezi ikapita. Siku Dokta Rehema aliporudi barazani kwetu uso wake haukuwa wa mchezo. Alisema nywele za wanawake wa uani huu zimeonekana na zebaki nyingi, nyingi kuliko walivyotarajia, na bado hawajui imetoka wapi. Tusiwe na hofu, wao wanaendelea kutafuta. Alisema maneno mengi ya uangalifu. Watu walisikia moja: samaki. Kabla hajafika stendi, habari ilikuwa sokoni. Samaki wa pwani wana sumu, na wanawake wa kwa Bi Shemsa wameshaingiwa nayo mpaka kwenye nywele.

Kesho yake niliwasha moto, nikatia mafuta, nikakaanga, na samaki walinitazama nami nikawatazama. Mzee Kombo, muuza kahawa aliyekuwa na kibanda kando ya changu, alipita na birika lake. "Tatu, leo una samaki au una vipimajoto vya zebaki?" Watu wakacheka. Mwingine akasema wale watu wa dhahabu sasa watakuja kuchimba matumboni mwetu. Mimi nilimjibu Mzee Kombo kuwa kahawa yake ndiyo iliyoua watu zaidi, lakini nilirudi nyumbani na sufuria imejaa. Siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Nyumbani mama akapiga marufuku samaki kabisa. Yeye mwenyewe, Bi Shemsa aliyekuwa hawezi kumaliza wali bila kunyonya kichwa cha changu, akaamuru maharage. Maharage mchana, maharage jioni, na mnajua nyumba yenye maharage ilivyo; hata wageni walipunguza kukaa. Karai nililigeuza kifudifudi uani, na kuku mmoja akaona ndipo mahali pake pa kupumzikia. Kila nikimfukuza alirudi. Sukari mama akaanza kununua yeye, na siku moja nikamsikia barazani anamwambia mtu, "Tatu? Yupo tu."

Hilo "yupo tu" sijalisahau. Leo nikisikia mama yeyote anamsema binti yake hivyo, natoka nje kumkemea.

Dokta Rehema alirudi tena siku ya Ijumaa, asubuhi, na safari hii aliomba kukaa na wanawake peke yao uani. Salma alikuwa tayari na tumbo la kuonekana. Dokta akasema huko Dar wanabishana. Wakubwa wake wengine wanasema ni samaki, yeye anasema hapana. "Nywele za wanaume wenu hazina kitu cha kutisha. Nyinyi na wao si chungu kimoja?"

"Chungu kimoja, sinia mbalimbali," mama akasema. "Na wao ndio wanaotangulia kupakuliwa, na vipande vikubwa ndivyo vyao."

"Basi ingekuwa samaki, wao wangewazidi. Kuna kitu wanawake mnacho, wanaume hawana." Tukatazamana. "Mama, nywele ni kama mkeka wa barazani. Ukiuona una mchanga, hujui kama umeletwa na miguu ya wageni au umepeperushwa na upepo. Zebaki ya samaki inatoka ndani. Lakini kuna nyingine inashika kutoka nje, na kwenye kipimo chetu zote zinahesabiwa pamoja. Kwa hiyo nauliza: kabla sijaja ile siku mlifanya nini na nywele?"

"Tuliziosha," mama akasema, na akasema kwa kujivuna. "Tungekupa chafu?"

"Kwa sabuni gani?"

"Nzuri kabisa. Ya harusi, ya Salma."

"Naweza kuiona?"

Salma alisema imekwisha. Alisema akiangalia ardhi. Dokta hakumkazia, alituambia wote kwa jumla kuwa kuna sabuni za kung'arisha ngozi zinazotiwa zebaki, kwamba hiyo zebaki ndiyo inayozuia weusi, kwamba huingia kwenye ngozi na kuchosha figo, na mwenye mimba akiitumia haimwachi aliye tumboni. Nikaona mkono wa Salma unashuka kwenye tumbo lake na kubaki hapo. Dokta akaendelea kuwa kama sabuni haipo, anahitaji kitu kingine, kwa sababu zebaki ya namna ile huonekana vizuri zaidi kwenye kitu hicho kuliko kwenye nywele. Mama akauliza kitu gani. "Mkojo," akasema Dokta, na akatoa vichupa.

Wanawake wote wakapasuka kicheko kwa pamoja. Jirani mmoja alijifunika kanga uso mzima. Mama akasema, "Nywele tumekupa. Sasa mkojo. Mara ya tatu utakuja kutaka nini, binti yangu, na roho?" Hata Dokta alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini vichupa vilichukuliwa, na mama, kwa kuwa ni adabu, akamwambia haendi popote kabla ya kula.

Mimi na Salma tulikuwa jikoni. Yeye anakuna nazi, mimi napepea moto wa maharage. Nilikuwa na hasira, sitasema sikuwa nayo. Anakuna, anakuna, nazi imekwisha nyama na anaendelea kukuna kifuu.

"Wifi," akasema, "utasema?"

"Sisemi. Nilikuambia sisemi."

"Ukisema narudi Fukayosi. Mama atanifukuza mbele za watu."

"Salma, tazama pale." Nikamwonyesha kuku juu ya karai langu, amefumba macho kama ana usingizi wa mchana. "Yule anakalia kazi yangu. Nimemwacha akae kwa ajili yako, na nitamwacha akae mpaka atotoe vifaranga. Lakini siri hii sasa si ya rangi yako peke yake. Kuna mtu humo tumboni, na hatujui yeye anasemaje." Akaacha kukuna. "Sabuni ni yako. Mdomo ni wako. Mimi napakua."

Idi alirudi kutoka msikitini na gazeti lake la maini, akalitua jikoni, "Ya Salma," akaenda barazani kula na wanaume. Sisi wanawake tukakaa ukumbini kuzunguka sinia, Dokta kando ya mama, na maini yamekaangwa yamewekwa kwenye kisahani mbele ya Salma. Mama, kwa kuwa alikuwa na mgeni mpya wa kumsimulia, akaanza. "Mjukuu wangu anayekuja, daktari, atatoka mweupe kama mama yake. Maana huyu, mtazame, hii ni rangi ya kuzaliwa." Salma aliinuka. Nilidhani anakwenda kulia chumbani. Akarudi na zile sabuni mbili zikiwa na makaratasi yake, picha juu, akasogeza kisahani cha maini, akaziweka juu ya sinia kando ya maharage.

"Mama," akasema, "weupe wangu ndio huu."

Nilimsikia Mzee Kombo barazani, aliyekuja kula bure kama kawaida yake, akiuliza huko ndani mbona kimya. Mama alichukua sabuni moja, akaigeuza, akainusa, akaitazama picha, akamtazama Salma. Idi alikuwa amefika mlangoni na birika la maji ya kunawa. Salma alipomwona akamgeukia. "Mume wangu, nisamehe. Ulidhani umeoa mweupe."

Idi alikuna kichwa. "Mimi? Mimi nilikuona Fukayosi kisimani, umejitwisha ndoo, mweusi tii, unagombana na mbuzi wa watu. Nikamtuma mjomba aniposee siku ileile. Ulipoletwa harusini, nikasema huyu mtoto wamemnyima chakula, damu yote imekwisha."

"Na maini?" nikauliza mimi, maana siwezi kunyamaza jambo kama hilo.

"Maini ya kuongeza damu. Nikaona hayasaidii, unazidi kupauka. Nilikuwa nataka nimuulize huyu daktari."

Dokta Rehema alikuwa wa kwanza kucheka, kisha mimi, kisha jirani, na kicheko kikapita mlangoni kikawafikia wanaume bila ya wao kujua wanacheka nini. Mahaba makubwa ya Dunda, kumbe tiba. Ni mama peke yake aliyebaki na uso wa jiwe. Akaweka ile sabuni chini. "Na mimi," akasema polepole, "nimeosha kichwa changu na hii? Mara mbili? Mimi, ninayewasema watu sokoni?" Akashika ushungi wake kama anaogopa kilichomo. Kisha akamwambia Salma, "Kaa. Chakula kinapoa. Na maini nipe mimi, wewe huna ugonjwa." Akala maini yale yote, kipande baada ya kipande, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la msamaha. Jingine hatukulipata.

Sabuni zilikwenda Dar. Zilipopimwa, zebaki ilikuwemo tele. Vichupa navyo vilisema hivyohivyo, cha Salma zaidi ya vyote. Salma aliacha siku ile ya sinia. Mama alimnunulia sabuni ya mche na kumsugua mgongo mwenyewe kwa dodoki, anamsema na kumsugua. Dokta alikuja kumwangalia mpaka alipojifungua, maana alituambia wazi kuwa hawezi kutuahidi kitu. Zaina alizaliwa analia kama muadhini, na mama akaambiwa mjukuu ni mweusi. "Mweusi wa kuzaliwa," akamjibu aliyesema. "Si wa kuazima."

Baada ya hapo Dokta alikata nywele za Salma mara ya pili, ndefu kutoka kwenye ngozi mpaka ncha, akatueleza kuwa nywele huota kama upana wa ukucha kila mwezi. Ncha zilikuwa na zebaki bado. Za karibu na ngozi, zilizoota baada ya sabuni kuachwa, zilikuwa karibu safi. Kwa hiyo msiniambie kwamba nasema nywele haziwezi kitu. Nilizishuhudia zikisema kweli. Lakini zilisema baada ya mtu kujua anauliza nini, na kuuliza tuliogea nini, tulikula nini, nani na nani, na bado akataka na mkojo. Na samaki nao Dokta hakuwapa baraka kipofukipofu. Alikuwa amemwambia Salma papa na hao wakubwa wanaokula wenzao asiwale kila siku akiwa na mimba. Wadogo, ale anavyotaka.

Siku nilipolifunua karai, kuku alinilaumu mpaka nikamwonea haya. Dokta Rehema alikuja pale pwani mbele ya watu wote, akachagua changu mzima, akala na vidole, akanyonya kichwa. Mzee Kombo akatazama, akasogea. "Tatu, nipe na mimi kipimajoto kimoja. Tia pilipili." Mafuta yalikwisha kabla ya adhuhuri. Mama alifungua pembe ya kanga yake, akamrudishia Dokta nywele zake za rehani, naye akapewa zake zilizobaki, kila mmoja akaenda kufukia za kwake. Na barazani mama akapata habari mpya ya kuwasimulia wageni: mkwe wake ndiye aliyewatolea wakubwa wa Dar jawabu la ubishi wao. Jioni ile nilinunua sukari mimi.

Sasa, Nasra. Karatasi yako ya majibu nimeiona, ina mistari ya rangi kama kanga. Umewapa kishungi kimoja wakakujibu maswali arobaini, na hakuna aliyekuuliza hata unaoga na nini. Nywele zako umezitia dawa ya kulainisha, juu yake rangi, juu yake mafuta ya kopo. Huo ni mkeka wa barazani siku ya harusi, mwanangu. Ukiumwa nenda hospitali, waambie unachojipaka na unachokula, wao ndio wakuambie wapime nini. Na uso wako juzi niliuangalia vizuri, na vifundo vya vidole vyako pia. Salma naye aliviangalia. Ndiyo maana tulicheka, na ndiyo maana tulipomaliza kucheka tulinyamaza.

Nywele za mtoto wa Zaina sikuzitoa. Zilifukiwa zote, kama ilivyo desturi. Wageni walipokwisha kwenda nilisimama katikati ya ukumbi nikamwita kila aliye chini ya paa langu, wanawake kwa wanaume, na Salma akiwa kando yangu ameshika goti lake. Nikawaambia: "Nasra, lete lile sinia kubwa uliweke hapa mkekani. Nyote ingieni vyumbani mwenu, na kila mtu atoke na sabuni anayoogea na kopo analojipaka, na karatasi lake. Hakuna atakayepewa chakula mpaka sinia lijae."